Mboga Isiyoungwa

Vishni alikuwa na ulimi mkali juu ya mboga za watu wengine. Jirani akimletea bakuli la majani alionja kidogo, akatafuta la kusema, kisha akauliza kwa upole wa uongo, "Hii mmepika leo au juzi?" Katika mtaa mzima wa wauza vitambaa pale mjini Shikarpur hapakuwa na mwanamke aliyethubutu kumpelekea mboga mara ya pili. Lakini tumpe haki yake. Mboga ya kwake ilikuwa mboga kweli.

Aliipika kila siku isipokuwa Jumapili, ambayo ni siku ya mchuzi wa unga wa dengu na bamia. Spinachi kapu zima, konzi moja ya majani machachu, shibiti kidogo, dengu zilizolala majini, kiazi, biringanya, nyanya mbili, manjano na chumvi. Vyote katika sufuria moja vichemke mpaka vilegee. Halafu unakuja upekecho wa mti aliopewa na mama yake siku ya kuolewa, unazungushwa baina ya viganja mpaka huwezi tena kusema hiki ni kiazi na hili ni jani. Mwisho mafuta motoni, kitunguu saumu, uzile, ile bizari nyembamba, na vyote kumwagwa juu ya sufuria, chaa! Mlio huo ulishuka ngazi mpaka dukani kwa mwanawe mkubwa, Jethanand, aliyeuza vitambaa chini ya nyumba yao. Akiusikia alikunja majora, akapanda kula.

Sasa, watu wa pale wakifiwa hawaungi mboga. Kwa siku kumi na mbili hakuna mafuta motoni, hakuna kitunguu saumu, na manjano hayaguswi kwa sababu manjano ni ya harusi. Watu hula majani ya kuchemsha na chumvi, basi. Siku ya kumi na mbili, sala zikishasomwa, mwanamke mkubwa wa nyumba huweka kaango motoni, na majirani wakisikia mlio wanajua matanga yameanuliwa.

Nyumba ya Vishni iliunga kila siku. Iliunga kwa mwaka mmoja na nusu, tangu mwanawe mdogo, Lachman, alipopanda mashua wakati wa mafuriko kuwapelekea chapati watu waliokwama juu ya tuta, asirudi. Mashua ilipinduka. Wanne waliokolewa, wawili hawakupatikana, na Lachman alikuwa mmoja wa hao wawili. Kwa Vishni neno hilo lilikuwa na maana moja tu, kwamba hajapatikana bado.

Jethanand alijaribu mara moja kusema naye.

"Mama, watu wanauliza."

"Wanauliza nini?"

"Lini tutakaa matanga ya Lachman."

Ilikuwa saa tisa alasiri, watu wameshakula, vyombo vimeshaoshwa. Vishni aliinuka, akaweka kaango motoni, akamimina mafuta, akatupa kitunguu saumu, na mboga yenyewe haipo. Alikikaanga hivyohivyo mpaka kikawa cheusi na jiko zima likanuka.

"Wameshasikia," alisema. "Sasa rudi dukani."

Jethanand hakurudia tena. Alikuwa mtu wa kumeza maneno, na hilo nalo alilimeza.

Aliyebaki katikati ni Hemlata, mke wa Lachman, mwanamke wa miaka ishirini na mitatu. Kaka yake alikuja mara mbili kutoka mji wa Sukkur. Hakuja kwa ugomvi. Alitaka kusema kwamba mjane anaweza kurudi kwao, akapumzika, na siku moja akapata mume mwingine, ila mwanamke ambaye mumewe yuko safarini hana pa kwenda, ni wa kukaa na kungoja. Hakupata nafasi ya kuyasema. Vishni alimpa papadi, kile kichapati kikavu cha dengu, na maji kama mgeni yeyote anavyopewa, na kabla kijana hajafungua mdomo, kitunguu saumu kilikuwa kinalia jikoni. Mara zote mbili alimaliza papadi yake, akaaga.

Usidhani Vishni alikuwa hana huruma. Alimpenda yule mkwe kuliko alivyoweza kusema, na huenda shida ilianzia hapo. Siku Lachman atakapokuwa amekufa, Hemlata naye ataondoka. Vishni alijua hivyo, na hakuwa tayari kupoteza watu wawili kwa mpigo mmoja.

Kitu kimoja tu kilimsumbua, tumbo la Hemlata. Tangu mwaka juzi binti huyo alikuwa na kisufuria chake. Asubuhi, kabla viungo havijatiwa, alijichotea majani kidogo akayachemsha kando. Mafuta yanamchoma kifua, alisema, na hakuna aliyemuuliza zaidi.

"Mkweo anakonda," alisema Bakhtawar, muuza majani, siku moja akiwa amechutama mlangoni anafunga mafungu. Walijuana na Vishni miaka thelathini.

"Tumbo. Hataki mafuta."

"Mpe maji ya shamari."

"Nimempa. Anayapokea vizuri, anashukuru, halafu anarudi kwenye kisufuria chake."

"Labda mboga zako zimemchosha, dada."

"Mboga zangu? Na wewe unayeniletea majani ya jana?"

"Ya jana wapi? Huoni umande?"

"Umande gani saa nne? Umeyanyunyizia maji pale bombani, nimekuona kutoka dirishani."

Bakhtawar alicheka mpaka kilemba cha mtandio kikamteleza. Kisha akamtazama Hemlata aliyekuwa anaanika nguo uani, mgongo mwembamba, mikono haina haraka.

"Huyo haumwi tumbo," alisema taratibu.

"Wewe ni daktari?"

"Mimi ni mjane," alisema Bakhtawar, akajitwika kapu lake akaenda zake.

Vishni alikasirika. Kwa siku tatu alinunua majani kwa mtu mwingine, ambayo yalikuwa mabaya zaidi, na hilo likamkasirisha zaidi.

Baridi ilipoingia akashikwa na homa. Ilimlaza siku mbili chini ya mablanketi, na jiko likawa la Hemlata. Kutoka kitandani alitoa amri. Dengu ziive mpaka zilegee. Upekecho usioshwe kwa sabuni. Na zaidi ya yote, "Unga vizuri, mtaa usikie." Siku ya kwanza alisikia mlio, akafumba macho akalala.

Siku ya pili kabla ya mchana alijisikia nafuu. Akaamka, akajishika ukutani mpaka mlango wa jiko. Hemlata alikuwa amempa mgongo, anamenya kitunguu saumu. Sufuria kubwa ilikuwa imeshapekechwa, ina rangi yake ile ya kijani kilichoguswa na njano, na mafuta yalikuwa yanapata moto. Kando, kwenye majivu ya uvuguvugu, kilikaa kisufuria kidogo chenye kifuniko.

Vishni alitaka tu kuona binti anaishi kwa kula nini. Akafunua. Majani ya kijani kilichokufa, hayana harufu. Alichovya kidole akaonja. Chumvi, na hakuna kingine.

Akaonja tena. Hata manjano hayakuwamo.

Alisimama pale ameshika kifuniko. Tumbo linaweza kukataa mafuta, linaweza kukataa pilipili. Lakini tumbo gani linakataa manjano? Manjano ndiyo dawa ya tumbo. Wiki iliyopita tu alimkorogea maziwa ya manjano kwa mkono wake mwenyewe, na sasa ndipo alipokumbuka kwamba hakumwona akiyanywa. Akaketi kwenye kigoda.

"Tangu lini?" aliuliza.

Hemlata aligeuka. Akaona kifuniko mkononi mwa mama mkwe wake, akaweka kisu chini.

"Tangu siku ya tisa baada ya maji."

"Nani amekuambia ule hivi?"

"Hakuna aliyeniambia. Mwenye mashua alikuja mlango wa nyuma. Ulikuwa hekaluni." Sauti yake ilikuwa ya kawaida, kama mtu anayesoma alichokisoma mara nyingi. "Alikuwa amemshika Lachman mkono, mama. Ukamponyoka. Alimwona akienda chini. Alingoja pale ameng'ang'ania mti mpaka jua likazama, hakuibuka."

Vishni aliweka kifuniko mapajani.

"Na hukuniambia."

"Nilikuja kukuambia. Nilikukuta hapa hapa, umeshika upekecho. Ukasema, 'Leo tia biringanya mbili, Lachman akirudi atakuwa na njaa.'" Hemlata alitazama sakafu. "Nikatia biringanya mbili."

Vishni aliikumbuka siku ile. Alikumbuka hata kwamba alimgombeza kwa kuzikata vipande vikubwa.

"Siku kumi na mbili zilipita zamani," alisema. "Ungeacha. Kwa nini hukuacha?"

"Zilipita vipi, mama? Hakuna aliyezianza. Nyumba ikiunga, siku hazihesabiwi. Mimi nilikuwa nangoja tu zianze."

Basi hapo ndipo Vishni alipoona alichokifanya. Kwa mwaka mmoja na nusu binti huyu alikuwa ndani ya matanga, peke yake, katika nyumba yenye watu, na kila mchana yeye Vishni alimmwagia mlio ule wa mafuta kichwani akidhani anamlinda mwanawe. Alimwonea aibu. Mwanamke ambaye hakuwahi kuona aibu mbele ya mkwe, alishindwa kumtazama usoni. Akajifunika mtandio akalia, kilio cha sauti, kilio alichokuwa anadaiwa tangu mafuriko. Hemlata alikuja akaketi chini karibu na kigoda, akashika mguu wake, naye akalia, ila kwa kimya, kwa sababu alikuwa ameshazoea kulia hivyo.

Mafuta yalianza kutoa moshi.

"Mama," alisema Hemlata akijifuta. "Mafuta yanaungua. Niunge?"

Vishni aliinuka, akaondoa kaango motoni, akaliweka chini mbali.

"Hiyo kubwa ina manjano, mpelekee Bakhtawar," alisema. "Mwambie majani ya kwake bado ni afadhali kuliko ya yule mwingine. Sisi tutakula hii."

"Haitoshi, mama. Ni ya mtu mmoja."

"Itatosha."

Jethanand siku hiyo alichelewa kupanda. Alikuwa ameketi dukani akingoja mlio, na mlio haukuja. Mwisho njaa ikampandisha. Aliwakuta wanawake wawili wameketi kwenye mkeka, na katikati yao, mahali pa sufuria kubwa, kimekaa kisufuria ambacho alikuwa amekiona kwa muda wote huo pembeni mwa jiko bila kukitilia maanani.

"Leo sikusikia kitu," alisema. "Mama, bado unaumwa? Umesahau kuunga?"

"Sijasahau. Kaa."

Alimchotea upawa mmoja, Hemlata upawa mmoja, na yeye nusu, kwa sababu ndicho kilichobaki. Jethanand akakata kipande cha chapati, akachota, akatia mdomoni. Taya likasimama. Alimtazama mama yake, akamtazama shemeji yake. Kipande cha pili cha chapati kilibaki mkononi. Mtu mzima, mwenye duka na mvi, aliinamia sahani yake akamlilia mdogo wake, na hakuna aliyemkataza.

Vishni alimwacha mpaka akatulia.

"Kula," akamwambia. "Leo ni siku ya kwanza." Kisha akamgeukia Hemlata, na ilimchukua muda kuyatoa. "Mpigie simu kaka yako. Mwambie siku ya kumi na tatu aje. Safari hii aje na gari, una vitu vingi."

Hemlata akaitikia kwa kichwa.

Vishni akatia tonge mdomoni. Chumvi ilikuwa imezidi. Alitafuna, akameza, hakusema neno, akachota tena.