Kila Mtu na Masikio Yangu

Nilikuwa nimepita miaka hamsini nilipohamishiwa chumba cha mashine za kufuma blanketi, kiwandani Thika. Ukitoka zamu pale, masikio yameziba kama yamejazwa pamba. Nilikuwa nafika nyumbani Ruiru bado nasikia mvumo tu. Asubuhi yanafunguka.

Nyumbani, kila mtu akawa daktari.

"Ni uzee," mume wangu alisema. Yeye huchomelea mageti, na hajawahi kuvaa chochote masikioni.

"Unasema?"

"UZEE!"

Binti yetu tulifanya naye kazi chumba kimoja. Yake pia yalikuwa yanaziba, lakini tukifika nyumbani tayari anasikia simu ikilia chumbani. Basi baba yake akaona amepata ushahidi. Kazini nako, msimamizi aliniambia wanawake hatuwezani na kelele, wanaume wamezoea. Yaani nyumbani kosa ni umri wangu, kazini kosa ni kuwa mwanamke. Mashine hakuna aliyeitaja!

Nilimsumbua msimamizi mpaka akaleta mpimaji. Tulipimwa kabla ya zamu na baada yake: ukisikia mlio, unainua mkono. Jioni mikono ilichelewa kuinuka, ya wanaume kwa wanawake. Msimamizi mwenyewe, yule aliyezoea, hakuinua mkono huku mlio ukiendelea.

Nikamuuliza mpimaji, "Sasa niambie, ni umri ama ni kuwa mwanamke?"

"Mama, sina jibu rahisi," alisema. "Kuna wazee ambao masikio yao huchelewa kurudi, na kuna vijana pia. Wanaume wengi huumia zaidi, lakini ndio wengi kwenye kazi za kelele. Ninachojua ni kwamba yakiziba kila siku, iko siku hayatafunguka."

Tulipewa viziba masikio. Binti yangu huvaa vyake nikimkumbusha, kila siku ya Mungu. Nilimpelekea mume wangu jozi moja, akaitia mfukoni.

"Mimi bado kijana," alisema.

Jumamosi nilienda karakana yake, nikamtia viziba masikioni mwenyewe mbele ya wateja. Akageuka kwa hasira.

"Sasa nitasikiaje wateja?"

"Watangoja umalize kuchomelea!"

"Unasema?"

Sikurudia. Nilishapiga kelele za kutosha nyumbani.