Kibanja Kilichofagiwa

Jumamosi niliwapeleka watoto wa mtaani kwetu Rwamishenye hadi Muleba, wakamsaidie bibi mmoja mjane kupalilia kibanja chake cha migomba. Mimi, niliyezunguka nchi za watu, nilikaa kivulini kusimamia, yaani kutafuna punje za kahawa. Baadaye nikakuta majani makavu yote yamefagiwa, udongo umebaki mtupu.

"Safi sana!" nikapiga makofi.

Bibi akashika kichwa. "Mwanangu, umeivua migomba yangu nguo, na kiangazi ndicho hiki!"

Binti mdogo kuliko wote akakumbatia fungu la majani, akalirudisha shinani. Wenzake wakamfuata bila kuambiwa. Bibi akaninyooshea kidole: "Na wewe wa makofi, beba!"

Husemwa watoto wafundishwe kujitolea. Siku ile walijitolea mara mbili. Aliyelazimishwa ni mimi.