Mwanzi wa Theluji na Nyumba ya Mama

Enzi zetu, sisi tuliozaliwa kule juu karibu na msitu, Julai tuliiogopa kuliko mwalimu wa hesabu. Ukiamka unakuta nyasi zimefunikwa na sakitu, ile barafu nyembamba ya alfajiri inayovunjika ukiikanyaga, na sisi viatu hatukuwa navyo. Tulikuwa tunamwamsha ng'ombe, tunasimama pale alipolala ili nyayo zipate joto, halafu tunakimbia hadi kwa ng'ombe mwingine. Vijana wa leo ukiwasimulia hayo wanasema unatia chumvi. Hao hao wanaovaa suruali zilizotoboka magotini halafu wanalalamika ati kuna baridi.

Mama yangu hakuiamini Julai hata kidogo. Jua likiwaka mapema alilitazama kama mgeni ambaye bado hajasema shida iliyomleta. Hakumwamini muuza mafuta ya taa, wala jirani anayesalimia kwa furaha iliyopita kiasi. Na tabia hiyo mimi nimeirithi yote, sikatai.

Nyuma ya nyumba alikuwa na kichaka cha mianzi, alichokipanda kwa mizizi kutoka msituni ili kizuie upepo usituingilie kati ya mbao za ukuta. Mianzi iliyokomaa haikushtushwa na baridi. Machipukizi ya mwaka huo ndiyo yangeunguzwa na sakitu kama majani ya viazi, kwa hivyo kila jioni ya Julai Mama aliyainamisha polepole hadi chini, akayafunika kwa mabua makavu ya pareto, na juu yake akatandaza magunia. Sasa, magunia hayo ndiyo tuliyokuwa tukijifunika sisi! Tukinung'unika, alisema: "Nyinyi mna miguu, nendeni jikoni. Mwanzi huu utakimbilia wapi?" Basi mimi na ndugu yangu mdogo Njoroge tulilala jikoni kando ya mafiga, tukinuka moshi, tukichokora githeri ya mahindi na maharagwe iliyobaki chunguni kwa vidole.

Asubuhi, kabla jua halijatoka, majani ya mianzi yote yalikuwa yamejikunja, membamba kama sigara. Njoroge alipoyaona mara ya kwanza alilia, akidhani yamekufa. "Nyamaza wewe," Mama akamwambia. "Yamejifunika tu. Jua likija yatajifunua." Na kweli, tukitoka shule kwa chakula cha mchana tulikuta yamenyooka, yanacheza na upepo. Hicho ni kitu ambacho kila mtoto wa kwetu alikijua, hata yule aliyekuwa wa mwisho darasani.

Nimeyakumbuka haya hapa Doha, chumbani mtaa wa Abu Hamour, ambako baridi pekee ninayoijua ni ya kiyoyozi. Njoroge siku hizi anaishi Kanada. Majira ya baridi yaliyopita alituma picha kwenye simu zetu: mwanzi wa kijani kibichi umesimama katikati ya theluji. "Mama, nimekupandia mwanzi," akaandika. "Aina hii inastahimili theluji. Njoo ukae nasi, utajiona uko nyumbani."

Baba tulishamzika, na Mama ndiye pekee aliyebaki bomani. Akiondoka, nyumba inafungwa, na mimi likizo yangu nitakwenda kwa nani? Nikajiambia, huyu kijana ana lake jambo. Leo anamchukua Mama, kesho atasema shamba liuzwe.

Nikaivuta ile picha karibu, na hapo ndipo nilipomkamata. Majani yalikuwa yamenyooka kabisa! Theluji imejaa, na jani limejitandaza kama liko pwani? Mimi kazi yangu ni usafi katika hoteli moja kule Lusail, na kila siku napangusa vumbi kwenye mianzi ya plastiki pale mapokezi. Plastiki naijua. Nikamwonyesha Namutebi, Mganda ninayeishi naye chumba kimoja, akacheka mpaka akakaa kitandani. "Banange, Wanjiru! Wewe hata maji ya chupa unayanusa kwanza."

"Acha ninuse," nikamwambia, nikampigia Mama. "Mama, hiyo ni plastiki. Njoroge anakudanganya."

Nilijua Mama anakunja uso. "Mwambie anionyeshe kwa video," akasema. "Asubuhi ya kwao, kabla jua halijatoka."

Siku ya simu hiyo tuliunganishwa sote watatu, na kwangu na kwa Mama ulikuwa mchana. Njoroge alitoka nje amejifunga skafu hadi puani, akaelekeza simu kwenye mwanzi. Majani yalikuwa yamejikunja, kila moja, membamba kama yale ya kwetu. "Ile picha niliipiga saa saba, jua likiwa limewaka," akasema, na akaniuliza kama nimeridhika. Akachutama, akafagia theluji kwa mkono, akainua pembe ya gunia. Chini yake machipukizi yalikuwa yamelazwa vizuri, yamefunikwa majani makavu. Hakuna duka linalouza ujuzi huo, jamani. Yule aliyekuwa akililia majani ndiye aliyeushika.

Mama aliangalia kwa muda mrefu, uso wake umejaa kwenye kioo. "Umelaza vizuri," akasema. "Lakini gunia limeloa. Badilisha." Kisha akasema, kwa sauti ileile ya kuagiza magunia, "Nitakuja."

Nililia siku hiyo, sifichi. Nilikuwa nimeomba kwa moyo wangu wote kwamba ule mwanzi uwe wa plastiki.

Sasa Mama yuko huko, na kila Jumapili ananilalamikia kuhusu mkate mtamu na wajukuu wasiojua kuwasha moto. Sauti yake ina afya kuliko zamani, siwezi kukana. Mwezi uliopita, Julai hiyohiyo, nilishindwa kuvumilia, nikapiga simu kwa majirani zetu wa kijijini kuulizia kichaka. Enzi zetu ningepiga hodi mlango wowote wa kijiji kile, ningeitwa kwa jina kabla sijaingia, ningesogezewa kigoda na kikombe cha uji, na wangenitania kwamba miguu yangu inanuka ng'ombe. Simu ikapokewa na msichana ambaye sauti yake siijui, mke mpya wa mmoja wa vijana wao nadhani. Nikamwuliza kama mianzi ya nyuma ya nyumba ya Mama Wanjiru bado imesimama.

"Ile nyumba imefungwa," akasema. "Haina watu." Nikamsikia akiondoa simu sikioni, akiitazama namba yangu ya kigeni, kisha akairudisha. "Kwani wewe ni nani, na unaulizia ya nini?"