Magofu Yaliyoezekwa Mabati

Asubuhi moja nilifunga mfuko wangu nikatoka Meru mjini bila kujua naenda wapi. Aliyeacha shule darasa la saba hangoji likizo. Adhuhuri nilikuwa Manyatta, juu ya Embu, nikaingia hoteli iliyokuwa na vyumba vya kulala nyuma.

Ukutani palikuwa na picha kubwa kama mlango: kanisa la mawe limebomoka, halina paa, miti imeota madhabahuni, mwezi unachungulia dirishani. Wakulima wawili wa majani chai walikuwa wakibishana chini yake.

"Hapo ndugu wanashtakiana kortini," mmoja alisema. "Shamba zuri hivyo, hata ng'ombe hakuna!"

"Korti gani? Fundi alikula simiti."

Mama mwenye hoteli hakucheka. Picha ililetwa na mwanawe kutoka Nairobi, akamwambia Wazungu huitazama wakatokwa na machozi kwa utamu. Aliionea fahari mpaka asubuhi hiyo, jirani alipomuuliza: wakwe wanakuja leo kutoka Muthara kumposa binti yako, na wewe utawakalisha chini ya boma lililokufa? Wangeweza kugeuka na furushi lao la miraa, na furushi lisipotua mezani, hakuna posa.

"Si uitoe tu, mama?" nikauliza.

Akainua pembe ya picha. Nyuma yake ukuta ulikuwa na ufa wa kupitisha mkono.

"Wewe kijana, unajua kushika brashi?"

"Nimechora vibao vya bucha."

"Basi jenga. Chumba utapata."

Nikajenga. Niliezeka kanisa mabati mekundu, nikatia vioo, nikang'oa miti madhabahuni. Wale wakulima wakajiteua wasimamizi.

"Weka gata, maji yasipotee!"

"Na ng'ombe wa gredi, wa maziwa mengi!" Nikamchora. "Huyo amekonda, mnenepeshe!"

Mwezi mama alitaka uwe jua, kwa kuwa watu wa heshima hawatembelewi usiku.

Wakwe walifika wakivuta mbuzi wa posa, rangi ikiwa bado mbichi. Mzee wao alisimama mbele ya picha, furushi kwapani, akaitazama. Mama alishika meza kwa mikono miwili.

"Hapa ni kwa nani?"

"Ni kwa watu wetu," mama alijibu bila kupepesa.

Mzee akanusa. "Rangi inanuka."

"Wamemaliza kujenga juzi tu."

"Na huyo ng'ombe, anatoa maziwa?"

"Ya kutosha chai ya wageni, mzee."

Mzee akacheka, akaweka furushi mezani. Mama akalipokea, na jikoni wanawake wakapiga vigelegele.

Mazungumzo yalinoga hata wakwe wakaamua kulala, na vyumba vyote vikawa vyao. Mama aliniomba radhi, akanionyesha stoo ya viazi iliyokuwa na godoro moja. Mbuzi wa posa alikuwa ameshalilalia. Nikamwomba asogee kidogo.