Perpétue akataa kusaini saa 120 ambazo hakuzifanya

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mvua ya Januari bado inadondoka juu ya mabati ya zahanati ndogo ya uzazi huko Kampemba, Lubumbashi. Perpétue Kapya ameingiza kichwa chote ndani ya kabati la mablanketi. Anakitoa mbio, anakohoa, machozi yanamtiririka.

"Mufungue madirisha yote!" anapaza sauti. "Na muntu asiwashe kiberiti!"

Ndani ya kabati hilo, chini ya rafu za mablanketi, betri nne za umeme wa jua zinachemka. Kabati zima linanuka yai viza. Nyuma ya ukuta wa mbao wamelala akina mama wawili waliojifungua jana, na watoto wao wachanga.

"Tangu jana bamama banakohoa," anasema muuguzi Graciella, mikono kichwani. "Mi nilizania ni ile dawa ya kusafishia chini."

Aliyezifungia betri humo ni Caleb, fundi wa miaka thelathini na moja, ambaye amesimama mlangoni akitazama viatu vyake. Caleb ana cheti, kile ambacho Lubumbashi nzima wanakiita brevet. Perpétue, aliyeitwa kuja kuokoa jahazi, hana.

Katika mitaa hii kila mtu anaficha betri ndani, chini ya kitanda au kabatini, kwa sababu ya wezi. Hilo linaeleweka. Lakini fundi aliyewahi kuchaji betri hata mara moja akiwa mafunzoni anajua kwamba inatoa hewa mbaya, hewa inayoweza hata kulipuka. Caleb hakuwahi. Alisomea umeme wa jua miezi tisa bila kugusa betri!

Perpétue anajua, maana walikaa benchi moja.

Ana miaka arobaini na mitatu na watoto wanne. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa reli aliyetoka Kabalo. Kazi hii aliianza sokoni, kwa paneli moja ya kuchajia simu za watu. Miaka miwili iliyopita aliuza cherehani yake ili ajiunge na kituo kimoja cha mafunzo ya nishati ya jua hapa mjini.

"Niliambia batoto, tutakula bukari na matembele miezi tisa, kisha mama yenu atakuwa fundi kabisa," anasema. Bukari ndiyo ugali wa huku.

Vifaa vilikuwepo. Katoni kumi na nne za paneli, betri na nyaya, zimepangwa vizuri kwenye ukumbi wa kituo. Zilifunguliwa mara mbili tu, siku walipokuja wafadhili. Wanafunzi wakavishwa kofia mpya, wakaambiwa washike paneli na watabasamu.

"Banatupiga picha, bageni banaenda, katoni zinafungwa na utepe wa skoch," anasema Perpétue. "Hata kofia, banakamata. Miye nikauliza: sasa tutajifunza na nini? Banajibu: mutaharibu."

Mutaharibu! Watu wazima waliolipa karo wanaambiwa wataharibu vifaa vilivyoletwa kwa ajili yao.

Vitabu navyo viliandikwa kwa ajili ya nchi kame. Vilikuwa na kurasa nzima za mchanga na vumbi, lakini hakuna hata mstari mmoja kuhusu miezi sita ya mvua, shaba inayoota kutu ya kijani, wala radi za Katanga. Perpétue alipouliza kuhusu radi, mwalimu alimjibu kwamba haimo kwenye mtihani.

Siku ya mwisho ililetwa karatasi. Kila mwanafunzi asaini kwamba amefanya saa 120 za vitendo. Walikuwa ishirini na watatu. Ishirini na wawili walisaini, akiwemo Caleb. Perpétue aliweka kalamu chini.

"Mukubwa wa kituo ananiambia: Mama, ni saini tu, nani atajua?" anasimulia. "Nikamwambia: mama mwenye kuzala atajua."

Akarudi nyumbani mikono mitupu, bila brevet.

Uamuzi huo unamgharimu hadi leo. Masista wa hospitali moja ya uzazi kule Pweto, waliowahi kuona kazi yake, wanamtaka akawafungie umeme. Ni kazi ya miezi minne, na ingewalipia watoto wake shule mwaka mzima. Lakini wanaoitolea fedha wanadai brevet, na mwisho wa kuipeleka ni Ijumaa hii. Kituo kimemtumia ujumbe: karatasi bado ipo, aje asaini.

Mchana, betri zikiwa zimehamishiwa kwenye kibanda cha matofali chenye matundu na mlango wa chuma, Caleb anamsogelea na kumwita yaya, yaani dada mkubwa.

"Yaya Perpétue, unisamehe. Ningeuwa bantu."

"Si weye, mudogo wangu," anamjibu. "Beye ba kwenye kituo njo balikufundisha kupigwa picha."

Kisha anamwonyesha barua aliyoiandikia wizara ya mkoa. Inaomba katoni zifunguliwe, na mtihani urudiwe juu ya paa, mbele ya mafundi. Wenzake sita wa darasa wameshatia saini. Caleb anaisoma mara mbili, huku Perpétue akikusanya koleo zake bila kumhimiza.

Anasaini. Halafu anafungua begi, anatoa brevet yake iliyotiwa plastiki na kuiingiza ndani ya bahasha ya barua hiyo.

"Banirudishie siku nitajua kazi," anasema.

Perpétue anapokea bahasha. Anajipangusa uso kwa kitenge, na kwa muda anageukia ukutani.

Na Pweto je? Anajua huenda kazi hiyo ikachukuliwa na mwingine mwenye karatasi na asiye na ujuzi, na wazo hilo linamuuma kuliko fedha zenyewe. Hata hivyo, Ijumaa atakwenda kituoni pamoja na wale saba waliosaini barua.

"Sisaini bongo," anasema, akimaanisha uongo. "Nitakuja na kipimo changu cha umeme. Bafungue katoni moja tu, banipe mutihani palepale. Nikishindwa, nitarudia kushona. Nikipita, baandike jina yangu, na Jumatatu niko njiani kwenda Pweto."