Mzee Aliyeiamkia Nguzo

Jumanne asubuhi mpwa wa mchekeshaji wetu wa zamani wa Bagamoyo alinibishia hodi. Mjomba wake amefariki, anazikwa alasiri kijijini Mkange. Nikavaa kanzu, tukaondoka pamoja.

Wasomaji wa rika langu watamkumbuka kwa mchezo mmoja. Aliingia jukwaani kama mtu asiyeona vizuri, akaisogelea nguzo ya ukumbi, akainama: "Shikamoo, bwana mkubwa." Nguzo ikikaa kimya, yeye huudhika. "Hata marahaba? Nimekukosea nini?" Hapo ukumbi mzima ulimwitikia, "Marahaba!" Nilianza kuucheka mchezo huo nikiwa mwanafunzi, na sikuwahi kuuchoka.

Kisha likaja gari la sinema. Watu walihamia kiwanjani, ukumbi ukabaki na viti vyake. Siilaumu sinema, maana nami nilikuwemo. Nilikuwa mwalimu kijana, najua Kiingereza, basi nikapewa kipaza sauti niwaelezee watu kwa Kiswahili. Nilijiona si haba. Jioni moja ikaletwa filamu ya katuni, michoro mitupu inayotembea, juu ya mwigizaji mzee aliyekimbiwa na watazamaji. Ilikuwa na huzuni kuliko kichekesho. Watu wakaanza kupiga miayo, nami nikaogopa kuonekana sifai. Mzee wa kwenye michoro alipoviinamia viti vitupu, nikaiga sauti ya mchekeshaji wetu: "Shikamooni, viti. Hata marahaba?" Kiwanja kizima kiliangua kicheko. Halafu vichwa vikageuka, kwani mwenyewe alikuwa ameketi mkekani pamoja na mkewe. Alitabasamu kwa adabu, akakung'uta kanzu yake, wakaondoka. Tangu hapo kila alipopita sokoni vijana walimwambia, "Shikamoo, kiti." Hakupanda jukwaani tena. Mwaka haukuisha, akahamia Mkange kulima mihogo.

Wakati ule tulikuwa na pupa ya kila kipya. Tulidhani mtu ambaye kazi yake ni kuchekesha hawezi kuumizwa na kicheko. Nilikutana naye mara moja tu baadaye, Chalinze, akisubiri basi. Nilimwamkia, akaitikia kwa upole, nami radhi niliyotaka kuiomba ilikuwa mdomoni tayari. Akaniwahi.

"Mwalimu, yule mzee wa kwenye filamu, mwishowe ilikuwaje? Sisi tuliondoka mapema."

"Watu walimrudia," nikasema. "Ukumbi ukajaa."

"Alhamdulillahi."

Nilimdanganya. Mzee wa kwenye filamu alizima taa za ukumbi akaenda zake. Basi likaja, akapanda, na ile radhi nikaimeza.

Huko Mkange, kabla ya maiti kuswaliwa, kaka wa marehemu alisimama kama ilivyo desturi, akatuomba yeyote aliyekosewa na ndugu yake amsamehe. "Tumemsamehe," tuliitikia, na sauti yangu ilikuwa kubwa kuliko zote. Nilipojisikia niliona haya hata nikainamisha uso. Mzee yule hakunikosea lolote. Mkosaji nilikuwa mimi, na desturi yetu haina mahali pa aliye hai kusimama kumwomba maiti radhi. Kama yupo mtu uliyemvunjia heshima, msomaji wangu, mwendee leo, angali anaweza kukukatalia.