Mizani ya Dhahabu na Moyo wa Masika

Kuna asubuhi moja ya miaka ya uasi ambayo haijanitoka kichwani, mwanangu. Nilikuwa nimerudi Butembo kutoka Kampala na diploma ya uuguzi wa watoto, mimi niliyeanza shule Lubero bila viatu. Katika ukoo wetu hakuna aliyenitangulia, na nilihakikisha mtaa wetu wote wa Vulamba unalijua hilo. Hata sokoni nilikwenda na koti jeupe.

Masika alizaliwa katika wodi yetu kabla ya miezi yake kutimia. Niliweka stetoskopu kifuani pake nikasikia mvumo, kama mashine ya kusaga muhogo iliyo mbali. Nikaujua mara moja. Kuna mshipa mfupi karibu na moyo ambao mtoto huutumia akiwa tumboni, na akizaliwa hujifunga. Kwa mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, mara nyingine hubaki wazi, damu ikazidi mapafuni. Kampala tulifundishwa kuufunga kwa dawa. Lakini dawa ya vichanga hatukuwa nayo, na barabara ya Beni ilikuwa imefungwa na askari. Tulikuwa na vidonge vyake vya watu wazima tu.

Baba yake Masika, Papa Saidi, alikuwa mnunuzi wa dhahabu. Nikamwomba mizani yake, ile ya kupimia vumbi la dhahabu. Nikasaga kidonge, nikaanza kupima unga, nikijiona mtu mkubwa kweli.

Mama Kahindo, muuguzi wetu mkuu, akaingia.

“Munganga wa Kampala, umeanza kununua dhahabu?”

“Napima dawa, Mama. Mshipa haujajifunga.”

“Mutoto anakunywa maziwa?”

“Anakunywa.”

“Anapumua muzuri? Anakojoa?”

Sikujua. Nilikuwa nimeusikiliza moyo. Mtoto mwenyewe sikumtazama.

“Donc, basi, haumujue bado. Ile dawa inaweza kuzuia mukojo, inaweza kuleta damu mu tumbo. Kulikuwa mutoto mumoja wa Beni, docteur alimupatia ile dawa sababu alikuwa anashindwa kupumua, na alifanya muzuri. Huyu hapana. Huyu tumuangalie kwanza.”

Papa Saidi akavuta mizani yake taratibu. “Wacha nipanguse dhahabu yangu, mutoto asiimeze.”

Masika akafungwa kwa kitenge kifuani mwa mama yake, na mama akichoka, kifuani mwa Papa Saidi, ambaye wafanyabiashara wenzake walikuja kumcheka dirishani. Mimi nilipewa kazi ya kuhesabu pumzi zake na kutazama nepi. Siku ya tisa niliweka stetoskopu, nikasikia moyo tu. Nikampa Mama Kahindo. Akasikiliza kwa muda mrefu.

“Mashine imezima,” akasema, na mama wa mtoto akapiga vigelegele hadi wagonjwa wa jengo la pili wakaitikia.

Leo Masika anauza vitenge Kanyabayonga, na sauti yake utaisikia kabla hujafika kibandani kwake.

Diploma yangu bado iko ukutani, mwanangu, na sitaitoa, niliipata kwa jasho. Lakini wewe unayevaa koti jeupe wiki hii, ukiona wawili waliosoma wanatibu mshipa mmoja kwa njia mbili, usikimbilie kusema mmoja ni mjinga. Uliza kila mmoja alimwona mtoto gani. Kisha mtazame wako: kama ananyonya, kama anapumua vizuri, kama anakojoa, ndipo uamue. Kusubiri huku unatazama nako ni kazi.

Mungu akupe masikio ya kusikia moyo, na macho ya kumwona mwenye moyo huo.